Mashine Iliyonyamaza Mbele ya Mama

Kwa familia zote za Mahama: sisi tuliotoka Gihembe mwaka 2021 kambi ilipofungwa, na majirani Warundi tuliowakuta hapo. Mimi niko Kigali, Nyamirambo, ninafanya kazi ndogo ndogo za kompyuta: kusafisha, kubadilisha kioo, kuweka programu. Wazazi kadhaa wamenipigia simu wakiuliza, "Mtoto wangu amepewa laptop ya zamani, kila akitaka kuweka kitu inaandika error. Je, imekufa?" Nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja, nieleze hapa yaliyonipata mwenyewe mwaka 2022, pamoja na aibu yangu, maana wengine wenu mlikuwepo siku ile mkaniona.

Wengi mnamjua mdogo wangu wa kike. Surua ilimchukua macho akiwa na miaka 4. Anasoma shule na wenzake, anajua nukta nundu, lakini vitabu vya nukta nundu ni vichache, na masomo mengi anayapata kwa masikio. Miaka yote alikuwa na rafiki yake, binti wa jirani, aliyekuwa akimsomea daftari kila jioni nje ya nyumba. Basi mwaka ule familia ya yule binti ikapata safari ya Marekani. Tarehe ikatoka. Tulifurahi nao, hakuna asiyefurahi mtu akipata safari, lakini mdogo wangu alinipigia simu usiku akasema neno moja tu: "Yaya, sasa nani atanisomea?"

Nikamwambia nitakuletea mashine inayosoma. Niliahidi haraka, kabla sijajua ninachoahidi.

Programu yenyewe ipo, inaitwa eSpeak NG. Unaipa maandishi, inayatoa kwa sauti. Mzizi wake ni kazi ya Mwingereza Jonathan Duddington, aliyetoa eSpeak mwaka 2006, na tangu mwishoni mwa 2015 watu wengine wanaiendeleza kwa jina la eSpeak NG. Ndiyo sauti inayokuja pamoja na NVDA, programu ambayo vipofu wengi duniani wanaitumia kwenye kompyuta zao. Inasema lugha nyingi, na Kiswahili kimo. Sauti si tamu, ni ya chuma chuma, lakini inasoma, na haichoki. Tena ni programu huria, yaani hailipiwi na kila mtu anaruhusiwa kuifungua ndani na kuibadilisha.

Hapo kwenye kufungua ndani ndipo shida zangu zilipoanzia. Programu unaweza kuichukua ikiwa tayari, kama kununua ubugari uliokwisha kupikwa mgahawani. Au unaweza kuchukua unga, yaani msimbo chanzo, maandishi ambayo mtengenezaji aliyaandika kwa mkono wake, ukapika mwenyewe kwenye mashine yako. Kupika huko mafundi wanaita kukompaili. Mimi ningeweza kuchukua iliyopikwa, kwa amri moja ingeingia. Lakini nilitaka kuibadilisha kitu. Sauti ya Kiswahili haijui herufi za Kinyarwanda. Ikikutana na "cy" kama katika Kacyiru, au "jy", au "shy", inababaika, inasoma kitu ambacho hakuna mtu hapa angekitambua. Na majina ya watu wetu na mahali petu yamejaa herufi hizo. Jina la yule rafiki yake nalo lina "cy" katikati. Nikasema, nikimpelekea mdogo wangu mashine isiyoweza kutaja jina la rafiki yake, nimempelekea nini?

Basi nikachukua unga.

Laptop nilipewa na mteja aliyeona haifai tena. Nikaiwekea Linux nyepesi, nikaunganisha na intaneti ya simu, nikashusha msimbo chanzo wa eSpeak NG. Kazi ya kupika wakati ule ilikuwa na hatua zake. Kwanza uliendesha ./autogen.sh, iliyoandaa vyombo. Halafu ./configure, ambayo inazunguka ndani ya mashine ikiuliza: kuna hiki? kuna kile? Halafu make, ndiyo moto wenyewe. Mwisho make install, kupakua na kuweka mezani.

Hatua ya kwanza ikakataa, vyombo vya autoconf na automake havikuwepo. Nikaviweka. Hatua ya pili ikashusha mistari mingi, nikafurahi, kumbe mwishoni imeandika: configure: error: no acceptable C compiler found in $PATH. Maana yake imetafuta mpishi, yaani kompaila ya lugha ya C, haikumkuta. Ile Linux nyepesi huja bila mpishi ili isijaze diski. Nikaweka pakiti ya build-essential, ambayo inaleta kompaila na wenzake. Hilo ni kosa la kila mtu anayeanza na halina uchungu. Uchungu ulikuwa bando: liliisha hapo hapo, umeme nao ukakatika, betri ikaisha. Nikalala.

Asubuhi nikawasha, nikaendesha ./configure tena nikiwa na uhakika. Ikaandika kitu ambacho sijawahi kukiona: configure: error: newly created file is older than distributed files! Na chini yake, Check your system clock.

Nilisoma mara tatu. Faili lililotengenezwa sasa hivi ni la zamani kuliko mafaili niliyoshusha jana? Inawezekanaje mtoto kumzidi mama umri? Mimi, kwa kiburi, nikadhani programu imeandikwa vibaya. Nikafuta folda yote. Nikanunua bando lingine, nikashusha upya na kuandaa upya, halafu nikazima mashine niende kazini. Jioni kosa likawa lile lile. Siku mbili zimekwenda na tarehe ya safari inakaribia.

Nikamwandikia kijana mmoja niliyesoma naye, anajua mambo haya kunishinda. Nikamwambia, "Kompyuta imegoma." Akajibu, "Imegomaje?" Nikasema, "Inaleta error." Akajibu, "Error gani? Nitumie yote kama ilivyo, na amri uliyoandika." Nikapiga picha nikamtumia. Alijibu kwa maneno manne: "Tazama saa ya mashine."

Saa ya mashine ilikuwa inasema ni tarehe 1 Januari 2009.

Ndani ya kompyuta kuna kibetri kidogo cha duara kama kifungo cha koti, ndicho kinachoishikia saa mashine ikizimwa. Changu kilikuwa kimekufa. Nikiwa na intaneti mashine iliuliza saa huko nje ikajirekebisha. Nikizima na kuwasha bila intaneti, inarudi mwaka 2009. Kwa hiyo mafaili ya jana yalikuwa na tarehe ya 2022, na faili jipya la asubuhi lilikuwa la 2009. Mashine haikusema uongo hata kidogo, na mstari wa mwisho ulikuwa umeshaniambia nitazame saa. Mimi ndiye sikusoma hadi mwisho. Nikarekebisha tarehe kwa amri ya date, baadaye nikanunua kibetri kipya mjini.

Vijana, hapa niseme jambo kuhusu kusoma makosa, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Kosa likitokea wakati wa ./configure, tazama chini, mistari michache ya mwisho, na kama haieleweki, kuna faili linaitwa config.log ambalo limeandika kila kitu kilichojaribiwa. Lakini kosa likitokea wakati wa make, usitazame chini. Chini utakuta tu Error 1, ambayo maana yake ni kwamba kazi imesimama. Panda juu, mstari kwa mstari, mpaka uone neno error la kwanza kabisa. La kwanza ndilo mzizi, mengine yote yaliyofuata mara nyingi ni watoto wake. Nimeona mtu anahangaika na makosa 40, akaondoa la kwanza, yote 40 yakatoka. Na kama limeandika No such file or directory mbele ya faili linaloishia na .h, jua kuna pakiti haijawekwa, mara nyingi ile ambayo jina lake linaishia na -dev.

Turudi kwangu. Configure ikapita. Make ikapita, bila kosa. Make install ikapita. Nikaondoa ile eSpeak ya zamani iliyokuja na Linux ili zisigombane. Nikaita programu, ikasema haioni libespeak-ng.so.1. Hilo nililijua: programu imewekwa sehemu mpya na mashine haijasasisha orodha yake ya maktaba, unaendesha ldconfig kisha mambo yanakaa sawa. Nikaita tena. Hakuna kosa. Kimya.

Ilikuwa saa tano usiku. Mwenye nyumba ana mtoto mchanga ukuta wa pili, kwa hiyo nilikuwa nimezima spika tangu jioni. Nikaona hakuna kosa, nikasema imekubali. Nikafunga laptop nikaiweka kwenye mfuko. Mafundi wazee wangenicheka: nilipika chakula sikukionja.

Jumamosi nikapanda basi Nyabugogo, Kayonza, mpaka Kirehe, halafu moto mpaka kambini. Mama alikuwa amewaambia majirani. Nilikuta watu wamekaa kama kwenye harusi, mabenchi yametolewa, watoto wamebanana mlangoni. Rafiki yake alikuwepo pia, safari yao ilikuwa Jumatano. Nikamweka mdogo wangu mbele ya laptop, nikamshika kidole nikamwonyesha kitufe nilichokiandaa cha kusoma somo. Akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena. Nikaongeza spika mpaka mwisho. Kimya. Mzee mmoja akakohoa. Watoto wakaanza kucheka chini chini. Mdogo wangu akageuza uso upande wangu akasema taratibu, "Yaya, labda inaona haya, watu ni wengi." Mama akasema, "Mwanangu, umetoka mbali, kula kwanza." Aliposema vile nilitamani ardhi ipasuke.

Sikula. Chaji ilikuwa imebaki asilimia 31 na intaneti sikuwa nayo. Nikajiuliza: kosa liko wapi? Haisomi, au inasoma lakini sauti haifiki kwenye spika? Hivyo ni vitu viwili tofauti. Kuna njia ya kuvitenganisha: eSpeak NG inaweza kuandika sauti kwenye faili badala ya kuitoa nje, unaongeza -w na jina la faili. Nikafanya hivyo kwa mstari mmoja wa somo, nikafungua lile faili kwa programu ya muziki.

Ikasema. Ile sauti ya chuma, kwa Kiswahili, ndani ya nyumba yetu: "Maji ni uhai." Watoto wakapiga kelele. Mdogo wangu alisogeza sikio mpaka likagusa laptop.

Kwa hiyo sauti ilikuwepo, njia ya kwenda kwenye spika ndiyo haikuwepo. Nikarudi kwenye ile ./configure, nikaiendesha tena, na safari hii nikasoma orodha inayoandikwa mwishoni ikimaliza vizuri, ambayo Kigali niliiruka kwa sababu haikuwa na neno error. Mbele ya PCAudioLib palikuwa na neno no. PCAudioLib ndiyo inayopeleka sauti kwenye spika. Programu inakubali kupikwa bila hiyo, haisimami, haipigi kelele, inaandika no tu na kuendelea, kwa sababu kuna watu wanaoitaka kwa kuandika mafaili peke yake. Pakiti niliyokosa ni libpcaudio-dev. Ndogo kabisa, ningekuwa na intaneti ningemaliza pale pale.

Makosa yote yaliyonipigia kelele niliyatatua. Hili lililonyamaza ndilo lililonifuata mpaka Mahama.

Kwa chaji iliyobaki tukafanya tulichoweza. Rafiki yake alisoma daftari kwa sauti, mimi nikachapa haraka haraka, mashine ikageuza maandishi kuwa mafaili ya sauti, moja moja, nikayahamisha kwenye simu ya Mama. Tulipata masomo 6 kabla laptop haijazima. Masomo ya Kiingereza nayo yaliwezekana, sauti ya Kiingereza imo, unabadilisha tu sw kuwa en. Mara nyingine yule binti alikuwa akisimama katikati kumweleza mwenzake mchoro wa kwenye daftari, mishale inakwenda wapi. Mashine hiyo kazi haiwezi.

Jumatano wakaondoka. Mdogo wangu hakunipigia siku ile. Mama aliniambia alikaa nje jioni na simu sikioni, akisikiliza yale masomo 6 tangu mwanzo.

Laptop nilikuwa nimerudi nayo Kigali. Nikaweka libpcaudio-dev, nikapika upya tangu ./configure, nikahakikisha no imegeuka yes, na saa sita mchana, mlango wazi, nikaifanya iseme habari za mchana mpaka mwenye nyumba akaja kuchungulia. Halafu nikaingia kwenye ile kazi iliyonifanya nichukue unga tangu mwanzo. Ndani ya msimbo chanzo kuna folda inaitwa dictsource, na humo kuna faili la sw_rules, lenye kanuni za kusoma herufi za Kiswahili, na sw_list, lenye maneno ya pekee. Huhitaji kujua lugha ya C hata kidogo. Nikaongeza kanuni kwamba "cy" isomwe kama "ch". Si sawasawa na Mnyarwanda anavyotamka, wenye lugha watanisamehe, lakini iko karibu. Mara ya kwanza nikaweka alama ya sauti ambayo programu haiijui, ikanitajia jina la faili na namba ya mstari, nikaenda pale pale nikarekebisha. Halafu amri ya espeak-ng --compile=sw, ikakubali.

Wiki mbili baada ya aibu yangu nikarudi Mahama bila kumwambia mtu. Mama alikuwa amekwenda kuchota maji, hapakuwa na mabenchi. Mdogo wangu akabonyeza kitufe, ikasoma. Akabonyeza tena. Akaniuliza, "Naweza kuiandikia mimi?" Nikamwonyesha herufi zilipo, vile vitufe vya F na J vyenye alama ya kushika kwa kidole. Ilimchukua muda, akitafuta moja moja. Aliandika jina la rafiki yake akabonyeza. Ikalitaja. Akacheka, akasema inamwita kama mwalimu mwenye mafua.

Kwa wenye watoto walio na laptop za zamani: kwanza mtazame saa ya mashine, kabla ya jambo lolote. Kibetri si ghali. Pili, mtoto akiomba msaada, asiseme imegoma. Apige picha ya kosa zima pamoja na amri aliyoandika. Na kama programu iliyokwisha kupikwa inatosha, achukue hiyo, hakuna sifa katika kupika kisichohitajika. Wanaotaka kuona kwamba lugha yetu imeshafika huko zamani, waulize habari za mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Watu walikaa wakatafsiri maneno maelfu, na walipitia makosa kama haya yangu na zaidi.

Mwanafunzi mwingine wa darasa lake sasa anapiga picha za daftari na kunitumia kwa WhatsApp, mimi ninachapa jioni. Mdogo wangu naye ana kazi yake: kila neno ambalo mashine inalisoma vibaya analisema kwenye ujumbe wa sauti ananitumia. Juzi yamekuja 11. Matatu nimeshayaweka kwenye sw_list. La nne ni jina la kijiji cha bibi yetu huko Masisi, na hilo hata sisi wenyewe katika familia hatukubaliani linavyotamkwa, kwa hiyo nimempigia mjomba simu, ninasubiri jibu lake.